"Ni Kweli, Naomba Msamaha": Niliyojifunza Kando ya Kizimba

Hapa Nairobi neno guilty limeshakuwa la kwetu. Mtu hajakanyaga kwa wazazi tangu Krismasi, anakwambia, "Yaani najiskia guilty." Mwingine amezima simu ili asiombwe mchango wa matanga, halafu usiku anashindwa kulala: guilty. Nimelisikia kwenye matatu za Rongai, saluni za Kayole na kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Karibu kila mara linataja jambo ambalo hakuna askari angeliandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ni neno la moyoni, na wanaolitumia hivyo hawakosei. Waingereza wenyewe wanalitumia hivyo leo, hata kwa mtu aliyekula keki wakati anajaribu kupunguza mwili, ingawa zamani lilitaja kosa lenyewe na si namna mtu anavyojisikia baada ya kukosa.

Mimi nimeishi na neno hilohilo mahali ambapo hakuna anayekuuliza unavyojisikia. Ni mkalimani wa mahakama. Hakimu na kiongozi wa mashtaka wakizungumza Kiingereza, mimi nayageuza maneno yao kuwa Kiswahili au Kikamba, na majibu ya aliye kizimbani nayarudisha kwa Kiingereza yaandikwe. Kule guilty likishaandikwa kwenye faili, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema huwezi tena kukata rufaa kupinga kupatikana kwako na hatia. Unabaki kulalamikia adhabu tu, kiasi chake au uhalali wake. Mahakama Kuu imewaokoa wengi kwa kusema kwamba jibu lao halikuwa wazi hata kidogo, lakini hilo hutokea baada ya mtu kuishi gerezani kwa muda, na lazima apatikane wa kumwandikia rufaa.

Kwa hiyo neno moja, linalosemwa kirahisi hivyo mitaani, limenifanya nifikirie sana tofauti kati ya kufanya jambo, kulijua, kulijutia na kuhukumiwa kwa ajili yake. Watu wengi hudhani hayo ni mamoja. Mimi pia sikuwa na sababu ya kuyatenganisha kabla ya kazi hii.

Tuanze na namna swali linavyoulizwa. Asubuhi ya kusomewa mashtaka, mahabusu wanapandishwa kutoka seli za chini, wengine bila viatu, wengine bado wana harufu ya kituo cha polisi. Majina yanaitwa. Karani anasoma shtaka: kwamba tarehe fulani, mahali fulani katika Kaunti ya Nairobi, pamoja na wengine ambao hawako mbele ya mahakama, ulifanya hiki na kile kinyume cha kifungu fulani. Kisha: "Umesikia? Ni kweli ama si kweli?" Hatuulizi "una hatia?" Ukimuuliza mama wa Mukuru kama ana hatia, atafikiria dhambi zake zote tangu ubatizo. Tunauliza kama ni kweli. Mtu akijibu, hakimu anaandika maneno yake, halafu anaandika kama mahakama imeyachukua kuwa ni kukiri au kukana.

Utaratibu huo haukubuniwa jana. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipanga hatua ambazo mahakimu wa Kenya wanazifuata mpaka leo. Shtaka na kila kiungo chake muhimu kisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali, kukanusha au kuongeza lake. Akiongeza jambo linalotia shaka ule ukiri, ubadilishwe kuwa kukana, na kesi isikilizwe. Kifungu cha 207 cha Sheria ileile ya Utaratibu wa Kesi za Jinai nacho kinataka maneno ya anayekiri yaandikwe kwa ukaribu wote uwezekanao na jinsi alivyoyatamka mwenyewe. Na tangu mwaka 2010 Katiba, katika Ibara ya 50, inampa kila mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo.

Nawapenda watu walioandika mambo hayo. Walijua kwamba kuna ukweli ambao hauingii katika neno moja.

Mara ya kwanza kuona thamani yake ilikuwa kwa kijana mmoja aliyekamatwa na simu. Aliinunua kwa mtu karibu na barabara ya Luthuli, akaitumia wiki kadhaa, makachero wakaifuata mpaka chumbani kwake. Shtaka lilikuwa kupokea na kuweka mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Alipoulizwa alijibu bila kusita, "Ni kweli, nilinunua mimi." Alijibu kama mtu mwaminifu anavyojibu. Simu ni yake, aliinunua, kwa nini adanganye? Hakimu akaandika, akasema maelezo yasomwe.

Kiongozi wa mashtaka alisoma mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba mshtakiwa alikuwa akijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba simu hiyo ilikuwa ya wizi. Nilipolitafsiri hilo, kijana aligeuka akaniangalia mimi badala ya hakimu. "Hapo sasa si kweli. Mimi nililipa bei ya simu, nikapewa na chaji yake." Hakimu aliweka kalamu chini, akamuuliza maswali mawili ya upole, kisha akabadilisha lile jibu kuwa kukana.

Mchukulie huyo kijana bila hatua ile ya pili. Angefungwa kwa kusema kweli. Nililifikiria jambo hilo nikiwa kwenye basi kuelekea nyumbani, nikagundua kwamba kumbe hatia yote ya shtaka lile inakaa kwenye neno "akijua". Kununua simu hakuna ubaya. Kununua ukijua kwamba kuna mtu mahali analia kwa ajili yake, huo ndio uovu, na sheria inalisema hilo wazi kabisa. Ila mtu anayesikia shtaka kwa mara ya kwanza, amesimama, mkono umeshika mbao za kizimba, husikia kitendo. Neno la nia linampita.

Nitapita haraka kwenye jambo la Jumatatu, maana linanikasirisha na sitaki hasira itawale maelezo haya. Wanaokamatwa Ijumaa jioni kwa makosa madogo, kuuza mitumba mahali pasiporuhusiwa, ulevi, kuzurura, hukaa seli mpaka mahakama ifunguliwe. Humo ndani kuna wenyeji wanaowapa wageni ushauri: kiri, ulipe faini, uende zako, ukikana utapelekwa rimandi Industrial Area mpaka mwezi ujao. Kwa makosa mengi ya aina hiyo huo si ukweli. Ibara ya 49 ya Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Lakini nani wa kumwambia saa tisa usiku? Jumatatu anapanda kizimbani, anasema "ni kweli" kabla shtaka halijaisha kusomwa. Nimewahi kumtazama mama wa mboga akikiri hivyo huku anapiga hesabu kwa vidole: faini, nauli, mali iliyoozea kwenye gunia. Hakuna hata chembe ya kujuta usoni pake, na sioni kwa nini iwepo.

Sasa nije kwa lile ambalo hasa limenifanya niandike.

Kuna maneno mawili ambayo watu wetu huyatoa mbele ya mkubwa kabla hata hawajajua wanaulizwa nini: "naomba msamaha". Kamba, Luhya, Mswahili wa Majengo, Msomali wa Eastleigh, kila mmoja analo kwa lugha yake. Tumelelewa hivyo. Baba akirudi nyumbani amekasirika, mtoto huomba msamaha kwanza, kisha ndipo huulizwa nani aliyevunja. Mkwe akimtembelea mkwe baada ya kimya kirefu, huanza kwa kuomba radhi. Ni adabu. Ni kumwambia aliye mbele yako kwamba unamwona, unamheshimu, na hukuja kushindana naye. Kizimbani, mbele ya hakimu aliyeketi juu, na polisi kushoto na kulia, maneno hayo hutoka yenyewe.

Na yakishatoka, katika Kiingereza cha faili yanafanana sana na kukiri.

Palikuwa na msichana wa kazi, bado mdogo, ametoka kwao Kitui kuja kufanya kazi za nyumbani huku Nairobi. Alishtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake, kifungu cha 281, ambacho kinaweza kumfunga mtu miaka saba. Vitu vyenyewe vilikuwa mtungi wa gesi, jiko lake na blanketi. Mwajiri, mama wa makamo aliyevaa vizuri, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele. Msichana aliulizwa kwa Kikamba. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, alichukua, anaomba msamaha.

Nilitafsiri kila neno, kwa mpangilio wake: ni kweli nilichukua, naomba msamaha. Sikuongeza guilty mwishoni, kwa sababu hakulisema. Nasisitiza hili kwa sababu nimeshuhudia, katika mahakama nyingine, mtu akizungumza kwa dakika nzima, mikono ikienda huku na huku, na mkalimani akageuka kwa hakimu na kutamka neno moja hilo tu. Mtu ameeleza habari nzima ya maisha yake na faili imepata silabi mbili. Siwezi kuelezea vizuri jinsi jambo hilo linavyoniuma. Mkalimani hana haki ya kuhukumu, na kufupisha ni kuhukumu.

Hakimu wetu siku ile alikuwa mtu wa subira. Aliagiza maelezo yasomwe. Yakasomwa: aliajiriwa mwezi fulani, mwajiri aliondoka kwenda safari, akarudi na kukuta hayupo na vitu havipo, akapiga ripoti, msichana akapatikana kwa binamu yake huko Mlolongo, vitu vikapatikana. Je, maelezo hayo ni kweli?

"Ni kweli," msichana akasema. Kisha baada ya kimya, "Ila hawajasema kwamba mama hakunilipa."

Hakimu akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, hajakulipa tangu lini? Msichana akaanza kueleza miezi, na jinsi alivyoambiwa asubiri, na jinsi mama yake mzazi alivyompigia simu kuhusu mdogo wake aliyefukuzwa shule kwa karo. Akasema alichukua mtungi na jiko kwa sababu aliona thamani yake inakaribia deni lake, na blanketi kwa sababu alilinunua mwenyewe. Chumba kilikuwa kimejaa mawakili wanaosubiri kesi zao, na wote waliacha kupekua karatasi.

Kuna kifungu cha 8 katika Kanuni ya Adhabu ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Kinasema mtu hawajibiki kijinai kuhusu mali ikiwa alichofanya alikifanya akidai haki yake kwa dhati ya moyo, bila nia ya kulaghai. Hakisemi kwamba dai lake lazima liwe sahihi. Kinasema liwe la kweli moyoni mwake. Nilikifahamu kifungu hicho kwa kukisikia kikinukuliwa na mawakili, lakini siku ile nilikiona kimesimama mbele yangu kikiwa na gauni la kijani na miguu yenye vumbi. Hakimu hakukitaja. Aliandika kwamba mshtakiwa amekana, akampa dhamana nafuu, na kuagiza kesi itajwe tena.

Haikufika mbali. Mwajiri alirudi mahakamani akaomba kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ambacho hakimu akikubali, ni lazima amwachilie mshtakiwa kabisa. Nilielewa kwamba walikuwa wamekutana na ndugu za msichana na wakalipana. Sikuwepo, kwa hiyo sitaeleza walivyokubaliana.

Nilikutana naye kwenye korido akimsubiri binamu yake. Si kawaida yangu kuzungumza na washtakiwa, ila kesi ilikuwa imekwisha na jambo moja lilikuwa halinipi raha. Nikamuuliza kwa Kikamba kwa nini aliomba msamaha kama aliamini kwamba alichukua kilicho chake.

Alinishangaa. Akasema, "Mama alikuwa ameketi pale mbele. Ni mkubwa wangu. Nilikula kwake. Ningeanzaje kuongea bila kuomba msamaha?"

Nimelibeba jibu hilo kila ninaposimama kando ya kizimba. Binti yule alijua kabisa alichofanya, na alijua kwa nini, na hakuona aibu juu yake. Alichoomba radhi ni kwamba mtu mzima aliyemlisha alifikishwa mahali pa kugombana naye hadharani. Katika utu wake, hilo lilikuwa zito kuliko mtungi wa gesi. Ni maadili ya hali ya juu, na sheria isiposimamiwa na mtu makini ingeyafanya ushahidi wa wizi.

Wapo wanaosema kwamba suluhisho ni kuwafundisha watu wasiombe msamaha mahakamani. Nimelisikia hili kwenye mafunzo, na kwa wakili mmoja au wawili ninaowaheshimu. Mimi silikubali. Sitaki kuishi katika mji ambao watu wamefundishwa kwamba unyenyekevu ni hatari. Tayari Nairobi imetufunza ugumu wa kutosha. Ni sisi tunaosikiliza ndio tunaopaswa kujua kwamba anayesema "nisamehe" anaweza kuwa anaheshimu, anaweza kuwa anaogopa, anaweza kuwa anajuta, na anaweza kuwa anakiri, na kwamba kazi yetu ni kuuliza tena.

Kanisani tunasema, tukijipiga kifua, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Naipenda sehemu hiyo ya Misa. Tunaisema wote kwa pamoja, padri akiwemo, na hakuna anayemgeukia jirani kumuuliza alifanya nini. Ungamo la namna hiyo huwaweka watu wote mahali pamoja. Waislamu ninaofanya nao kazi wananieleza kwamba kwao toba ina masharti: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu, umrudishie. Sharti hilo la mwisho lilinigusa sana, kwa sababu mahakama zetu mara nyingi hulisahau. Mwizi akifungwa, aliyeibiwa mara nyingi haambulii kitu isipokuwa nauli aliyotumia kuja kutoa ushahidi. Kanisani na msikitini mtu huingia na kosa lake analolijua. Mahakamani huletwa na shtaka lililoandikwa na mwingine. Ndiyo maana siwezi kuichukua lugha ya madhabahuni nikaipeleka kizimbani hivihivi, ingawa waliosimama pale wengi wao hawana nyingine ya kuongea na mwenye mamlaka.

Kuna upande wa pili wa neno, na huo niliuona kwa dereva mmoja wa matatu.

Alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, kifungu cha 46 cha Sheria ya Barabarani. Mtoto alikuwa amekimbilia barabarani kwenye Jogoo Road. Kesi ilichukua muda mrefu kama zinavyochukua zote. Mashahidi walisema hakuwa akienda kasi, ukaguzi wa gari haukuonyesha hitilafu, mchoro wa polisi ulionyesha mtoto alitokea katikati ya magari yaliyosimama. Hakimu aliamua kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi, akamwachilia. Not guilty. Nilitafsiri kwa Kiswahili: mahakama imekuona huna hatia, uko huru.

Hakutabasamu. Wenzake wa stejini walimpiga mabega, mmoja akaanza kupiga makofi mpaka askari akamnyamazisha. Yeye alikuwa anaangalia benchi ambako nyanya wa marehemu alikuwa ameketi, mama mzee aliyekuja kutoka Makueni kila kesi ilipotajwa, ambaye nilikuwa nikimnong'onezea Kikamba ili ajue kinachoendelea.

Kisheria, maneno "hana hatia" yana maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Yanasema kwamba Jamhuri haikufikisha ushahidi kwenye kiwango kinachotakiwa, kusiwe na shaka yoyote ya maana. Uskoti kwa karne nyingi walikuwa hata na uamuzi wa tatu, kwamba kesi haikuthibitishwa, wakitofautisha na kumtangaza mtu kuwa hana hatia. Sisi tunayo mawili tu, na aliyeachiliwa jinai bado anaweza kushtakiwa kwa madai ya fidia, ambako mizani ni nyepesi: lipi lina uwezekano zaidi kuliko jingine. Familia ile ilikuwa tayari inafuata bima kwa njia hiyo.

Baada ya muda dereva alinitafuta. Hakunitafuta kama mfanyakazi wa mahakama, na nilihakikisha kwamba hakuna jambo lolote lililobaki mbele ya mahakama yetu kabla ya kumsikiliza. Alitaka kwenda kumwona yule mama mzee. Hakujua Kikamba, naye mama hakuwa na Kiswahili cha kutosha kwa mazungumzo kama hayo. Alisema, "Madam, mimi najua sikufanya makusudi. Hata hakimu amesema. Lakini mikono iliyokuwa kwenye usukani ni yangu."

Wataalamu wa Kiingereza wana namna nyingi za kuliita jambo lile alilokuwa nalo, na wengi wangelitia ndani ya neno guilt. Wangemshauri kwamba halina msingi, kwamba ajifunze kuliachilia. Nadhani wangekosea. Hisia ile ilikuwa na akili yake. Ilimwambia kwamba amehusika katika jambo ambalo haliwezi kufutwa, na kwamba kuna watu anaodaiwa nao kitu, hata kama kitu hicho si kifungo wala pesa. Kama angekuwa hana hisia hiyo kabisa, ningemwogopa.

Tulienda Jumapili, yeye, mke wake na mimi. Mjomba wa marehemu alitupokea kwa baridi, akasema mapema kwamba kama tumekuja na pesa tuziweke mfukoni, mambo ya pesa yako kwa wakili. Dereva akasema hakuja na pesa. Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, aliomba tuketi.

Alimuuliza maswali ambayo kwa muda wote wa kesi hakuna aliyekuwa ameyauliza. Mtoto alikuwa amevaa sweta? Alikuwa ameshika kitu mkononi? Uliteremka wewe mwenyewe ama utingo? Alisema neno lolote? Dereva alijibu kila moja, pole pole, akinisubiri nimalize kutafsiri kabla ya kuendelea. Sweta alikuwa nayo. Alikuwa ameshika mkate. Aliteremka mwenyewe, akamweka mapajani, na mtoto hakusema neno. Mahali fulani mjomba alitoka nje. Susu hakulia, aliuliza kwa utaratibu wa mtu anayejaza nafasi zilizobaki katika habari anayopaswa kuijua.

Alipomaliza aliuliza swali la mwisho kuhusu siku ile: "Ulikuwa unaenda mbio?"

"Hapana, susu. Lakini ningekuwa naenda pole zaidi, labda ningesimama."

Nilisita kidogo kabla ya kulitafsiri hilo. Hakuna wakili ambaye angemruhusu kusema sentensi ile, na kesi ya fidia ilikuwa bado inaendelea. Nilimuuliza kwa Kiswahili kama anataka nilifikishe kama alivyolisema. Akasema ndiyo, kama nilivyosema.

Nikalifikisha. Mama mzee akatikisa kichwa kwa muda, akamuuliza mke wa dereva wana watoto wangapi, wana umri gani, na wanasoma wapi. Kisha akamwita msichana aliyekuwa jikoni atuletee chai.